Kiatu cha Kuume

Harufu ya viatu vipya vya ngozi inanipandisha hasira hadi leo. Papa alikuwa akifunga mabehewa bandarini Kalemie, mpaka siku yalipomponda mguu wa kuume, na hospitali wakaukata juu ya goti. Shefu wake, mkubwa wake wa kazi, akaja kwetu na unga na jozi mpya ya viatu vya kazi, kama kila mwaka.

"Mama, usilie," shefu akasema. "Papa ameumia kidogo tu."

Majirani wakaitikia: ameumia, amegongwa, amepata shida ya mguu. Waoga! Hakuna aliyethubutu kusema amekatwa.

Mama akachukua kiatu cha kuume, akamsukumia shefu kifuani mpaka akayumba.

"Kidogo yako njo hii. Beba! Hapa hakuna mutu wa kuivala."