Mkungu Nyuma ya Giligilani

Kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege kulikuwa na mama mmoja, wote wakimwita Skana. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu, huko nako limeanza kufutika. Yeye ndiye aliyekaa mlangoni mwa chumba baridi, pale mboga mbichi zinapolala zikisubiri kupanda ndege, na hakuna mfuko uliompita. Ile mashine inayochungulia masanduku ya abiria aliishinda mbali. Mashine inataka umeme, Skana alitaka macho yake tu.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuwinda matunda. Usicheke! Tunda bivu linatoa hewa yake, huioni kwa macho, lakini ukilifungia chumba kimoja na majani mabichi, majani yanazeeka kabla ya siku zao. Yanageuka manjano. Kila mfanyakazi mpya alisomewa hilo na Skana mwenyewe, kidole juu.

"Ndizi, embe, pera, parachichi, hata kama umepewa na bibi yako yuko kitandani anaaga dunia, linabaki nje. Tumeelewana?"

Walielewana. Isipokuwa mama mmoja mtu mzima wa meza ya kufunga majani, ambaye siku moja alikutwa na mapera mawili mfukoni mwa koti. Skana aliyanyanyua juu kama refa anayetoa kadi nyekundu. "Jamani tazameni, mtu mzima na akili zake!" Vijana wakacheka mpaka wakashika meza. Kuanzia hapo yule mama akawa Bi Mapera, na mwenyewe akaitikia, maana angefanya nini?

Sasa, Skana huyohuyo alikuwa na wifi.

Wifi mwenyewe, dada wa mumewe, ni wale watu wanaoingia kwako wakapitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi. Akapiga simu: "Wifi yangu, Jumamosi nakuja na wenzangu, ila usijisumbue." Na wote tunajua "usijisumbue" maana yake nini. Skana akajisumbua. Sokoni akakuta mkungu mzima wa ndizi, manjano ya kung'aa, bei ya kutupa kwa sababu zilikuwa zimeshaiva. Tatizo, nyumba yake ni ya bati na haina hata friji, na joto la wiki ile ungekaanga yai juu ya meza. Hadi Jumamosi zingekuwa uji.

Akautazama mkungu. Akakifikiria chumba baridi.

Jumatano aliwahi kazini kabla ya wote. Nani amkague mkaguzi? Mkungu ukaingia kwenye gunia, mdomo wa gunia akaufunga kwa kitambaa chake cha kichwa chenye maua mekundu, akausukuma hadi nyuma kabisa, nyuma ya maboksi ya majani ya giligilani. Akajituliza: majani yenyewe yanaondoka jioni, yatajulia wapi?

Ndege ikachelewa. Jioni ile majani hayakuondoka, na kesho yake pia hayakuondoka. Giligilani na ndizi zikalala pamoja kama bwana na bibi harusi, na Skana akakaa mlangoni anakagua mifuko ya watu. Ijumaa jioni maboksi yakapanda ndege, naye akalibeba gunia lake nyumbani bila kulifungua.

Jumamosi wageni walipoketi, akaleta sinia. Ndizi zilikuwa nyeusi tii! Baridi kali inaunguza ganda la ndizi, na hilo yeye hakuwahi kulifikiria, maana ndizi hazikuwahi kumpita.

"Wifi," wifi akasema, ameishika moja kwa vidole viwili, "hizi umeziivisha au umezichoma?"

Wenzake wakaangua kicheko. Hakuishia hapo. "Na hapa pamenyofolewa moja. Kumbe mlishatutangulia!"

Skana akajichekesha, uso unamwaka. Alidhani aibu yenyewe ndiyo hiyo, imekwisha. Wapi! Ilikuwa ndiyo kwanza inafunga kamba za viatu.

Wiki iliyofuata picha zikaingia kwenye simu ya meneja kutoka kwa mnunuzi. Giligilani zote manjano, zimelala kwenye maboksi kama nyasi za kiangazi. Mzigo mzima ulikuwa umetupwa. Meneja akaita watu wote.

"Humu ndani kulikuwa na tunda. Majani hayawi hivi bure," akasema. "Skana, kagua makoti yote. Sasa hivi, mbele yangu."

Makoti mazito ya kuingilia kwenye baridi hayatoki kazini, yanatundikwa ukutani. Skana akaanza mfuko mmoja baada ya mwingine. Alipofika koti la Bi Mapera vidole vikagusa kitu laini. Akakitoa.

Ganda la ndizi. Jeusi tii.

Alilijua palepale. Hakuna ndizi nyingine duniani iliyokuwa na rangi ile ila za mkungu wake. Ile iliyonyofolewa!

"Bi Mapera kapandishwa cheo, leo Bi Ndizi!" kijana mmoja akaropoka. Wachache wakacheka, meneja akawatazama, wakameza.

"Mama, wewe uliingiza ndizi humu?"

"Sikuingiza, baba."

"Lakini ulikula?"

Bi Mapera akainamisha macho kwenye viatu vyake. Na kwa walioangalia, hilo lilikuwa jibu tosha.

Hapo ndipo Skana alipokuwa na nafasi yake. Maneno yalikuwa tayari ulimini, machache tu: ni wangu. Mdomo ukafunguka.

"Sheria ni sheria," akasema.

Bi Mapera akaambiwa aende nyumbani, arudi Ijumaa kukabidhi koti na viatu.

Siku zile Skana alitembea kama simu yenye chaji asilimia mbili. Kazini walimsifu. "Huyu mama hakosei, angalia alivyolinasa!" Kila sifa ilimwingia kama kibao. Nyumbani bintiye akamuuliza, "Mama, mbona hiyo sahani unaiosha tena?" Akalala amejifunika gubigubi kwenye joto lote lile, kana kwamba bati lingemuona. Kilichomuuma zaidi ni yale mapera. Alijiona anavyoyanyanyua, sauti yake mwenyewe inamrudia: mtu mzima na akili zake.

Ijumaa Bi Mapera akaja, koti amelifua na kulikunja vizuri. Akakabidhi, akarudi mlangoni kutoka. Na anayetoka naye hukaguliwa.

"Shikamoo, mama," Skana akasema. Tangu siku ya mapera hakuwahi kumwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Bi Mapera akafungua mkoba wake mwenyewe, akaunyoosha mbele. Mlikuwa na miwani na leso. "Kagua basi."

Skana hakuweza hata kuangalia ndani.

"Kitambaa hicho kinakupendeza," Bi Mapera akasema polepole, anamtazama kichwani. "Ila fundo lako gumu. Nilihangaika kulifungua pale guniani."

Skana alitamani sakafu ifunguke. "Kumbe ulijua?"

"Nilijua. Nilifuata harufu, mwanangu, nilikuwa sijala tangu asubuhi. Ningesimama nikamtaja mwenye mali, na cha kwake nimekula kwa wizi? Niliona haya." Akafunga mkoba. "Halafu nikasema mwenyewe atasema. Nikakungoja. Hata sasa bado nakungoja kidogo."

Alipofika getini akageuka. "Lakini zilikuwa tamu!"

Skana akaondoka mlangoni bila kuaga mtu, mlango wazi, baridi inamwagika nje. Akaingia ofisini.

"Meneja, ile ndizi ilitoka kwenye mkungu niliouingiza mimi, ni wangu."

Meneja akacheka. "Skana bwana! Una huruma. Usimbebee mtu mzigo wake."

"Nakwambia ni wangu!"

"Wewe? Wewe na tunda humu ndani? Nenda kafunge mlango."

Basi fikiria, mtu anaomba aaminiwe kwamba ni mkosaji na haaminiki! Ikabidi apige simu, aiweke sauti juu, ofisi nzima isikie.

"Wifi, Jumamosi nilikuletea nini mezani?"

"Zile ndizi za mkaa?" wifi akapaza sauti. "Mpaka leo tunazicheka huku! Ulizihifadhi wapi, kaburini?"

Meneja akaacha kucheka. Machozi yakamtoka Skana mbele ya watu wote, hakuyafuta.

Bi Mapera alirudishwa kazini, na onyo lake la ndizi moja. Skana hakufukuzwa, ila kiti cha mlangoni alipewa kijana mwingine, yeye akapelekwa meza ya kufunga majani. Asubuhi ya kwanza alisimama kwenye foleni na wenzake, macho chini. Kijana alipomuona akaona soni.

"Ah, Skana, wewe pita tu."

Skana hakupita. Akafungua mkoba, akageuza mifuko ya koti nje, mmoja, na wa pili.

Nyuma yake Bi Mapera akanyoosha shingo. "Mkague vizuri huyo," akasema, "ana wifi."

Foleni nzima ikalipuka. Skana naye akacheka, uso unamwaka vilevile, akainua mikono juu ili akaguliwe.