Beji ya Henry Atomu

Henry Atomu alikuwa mlinzi wa mapokezi katika jengo moja la ghorofa, Dubai Silicon Oasis. Alitoka Tororo, Uganda. Jina lake la pili lilikuwa la baba yake, na alilipenda, maana hakuna mwenzake kazini aliyekuwa na jina kama hilo.

Asubuhi moja Madam Hayashi, mpangaji Mjapani, alisimama kusubiri teksi, akasoma beji kifuani mwa Henry.

"Atomu. Kwenu maana yake nini?"

Henry alifurahi kuulizwa. Akamweleza kwamba babu yake alichukuliwa na Waingereza akapigane na Wajapani katika misitu ya Burma. Wenzake wengi walikufa huko. Alikuwa India akingoja kurudishwa vitani, ndipo zikaja habari za bomu la ajabu, bomu la atomu, na mwisho wa vita. Aliporudi nyumbani akaoa, na mtoto wake wa kwanza akamwita Atomu.

"Kwa shukrani, madam. Bila lile bomu mimi nisingekuwepo."

Alikuwa bado anatabasamu.

"Mama yangu alikuwa Nagasaki," alisema Madam Hayashi. "Alimkuta dada yake ukingoni mwa mto. Alimtambua kwa mkanda wa kiunoni tu. Na wewe unalivaa kifuani!"

"Hili ni jina la baba yangu."

"Basi ukiniona mimi, livue."

Tabasamu likamtoka Henry. "Rafiki wa babu alifungwa kwenye mti na Wajapani, wakamdunga kwa singe. Nani alikuja Tororo kutuomba radhi?"

"Dada wa mama yangu hakumfunga mtu. Alikuwa mtoto wa miaka tisa."

Teksi ikafika. Aliondoka bila kuaga.

Kabla ya adhuhuri supavaiza, Umaru, Mganda mwenzake, akaja amekunja uso.

"Ndugu yangu, yule madam amekushtaki ofisini. Mwombe msamaha yaishe, khalas."

"Msamaha wa nini? Wa kuzaliwa?"

"Anasema ulikuwa unacheka."

Henry akampigia simu baba yake, akitegemea kuungwa mkono. Mzee Atomu akasema, "Nalichukia jina hilo tangu shule. Mwalimu alituonyesha picha za Hiroshima, darasa zima likageuka kunitazama. Nilipotaka kulibadilisha, babu yako akaniambia nikatafute na baba mwingine."

"Na mimi ukaniacha nijisifu nalo mbele za watu!"

"Ulikuwa unalifurahia."

"Umeniaibisha, baba."

"Usinipandishie sauti! Babu yako alifurahi kuwa hai. Wewe ungelia?"

Henry akamkatia simu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia.

Wakati wa mapumziko alitafuta picha za Nagasaki kwenye simu, akazitazama mpaka wali ukapoa mbele yake. Hasira haikupungua. Alimkasirikia yule madam, akamkasirikia baba, na zaidi marehemu babu, aliyekuwa akichinja mbuzi kila Agosti kusherehekea mwezi wa lile bomu, na kuwalisha watoto wa mtaa mzima. Henry alikuwa miongoni mwao. Alikuwa akigombania maini.

Kesho yake alimfuata Madam Hayashi kwenye lifti.

"Madam, samahani. Babu yangu hakujua yaliyowapata watu kule. Mimi sasa najua. Sitalisimulia tena kwa furaha."

"Lakini unafurahi kwamba lilipigwa?"

Angeweza kudanganya na mambo yangeisha. "Nafurahi babu alirudi. Sijui nitayatenganishaje hayo mawili."

"Basi usiniombe samahani. Sikuja duniani kukupunguzia mzigo wako."

"Na mimi sikulipiga hilo bomu!" Sauti ilimpanda, watu wakageuka. Mlango wa lifti ukajifunga.

Wiki hiyohiyo alihamishiwa bandari ya Al Hamriya, kulinda ghala kwenye jua kali. Umaru alimwambia amejitakia.

Ilipoingia Agosti, baba yake akapiga simu. Walizungumza habari za mvua na za ng'ombe aliyevunjika mguu. Kisha mzee akasema kwamba ndugu zake wameuliza kama mbuzi atachinjwa mwaka huu.

"Umewajibu nini?"

"Nimewaambia wakuulize wewe. Si wewe ndiye unayejua kila kitu?"

"Ni baba yako aliyeianzisha sherehe hiyo, si mimi," alisema Henry. "Nyinyi amueni."

Mzee akasonya. Lakini safari hii hakuna aliyekata simu.