Mguu wa Kabatini

Athumani ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni hapa hapa Kasingirima, Ujiji, lakini simtetei ng'o. Aliyomfanyia mkewe yamenikaa kooni mpaka leo.

Wifi yangu Mwanakombo alikuwa akianika dagaa mwaloni, kule Bangwe wanakotia nanga wavuvi. Mwanamke wa shoka yule! Bodaboda ikamgonga, mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Mimi ndiye niliyempeleka kwa treni hospitali ya mbali akatengenezewa mguu wa bandia. Fundi Gasper akamfundisha kuuvaa, kusimama, mpaka akatembea. Siku tunaondoka aliniambia, "Wifi, mvua zikikatika narudi mwaloni." Nikamwamini. Nikamfikisha kwa mumewe, nikarudi zangu Kasulu.

Laiti ningebaki! Athumani alipouona mguu ule, mpya, unang'aa, akasema matope ya Ujiji yatauharibu. Na sisi watu wa Ujiji mnatujua. Kochi halivuliwi nailoni, vikombe vizuri ni vya wageni. Basi mguu wa mtu ukaviringishwa kanga, ukawekwa kabatini pamoja na vikombe. "Utauvaa Idi," akamwambia mkewe. "Utauvaa harusini." Na majirani wakamsifu, eti mwanamume anajua kutunza! Mwanakombo akabaki mkekani, goti limekunjwa, anachambua mchele.

Hayo niliyakuta miezi mingi baadaye, nilipokuja kwenye harusi ya mpwa wetu Ikram. Asubuhi mguu ukatolewa kabatini. Haukuingia. Kigutu kilikuwa kimevimba, goti limekakamaa halinyooki. Athumani akawa anausukuma kwa nguvu kama mtu anayefunga sanduku, mwenzake analia. Nilimvuta shati nikamtoa chumbani, nikampa vidonge vyake mbele ya wageni wote. Mjinga we! Kitanda usichokilalia utawajuaje kunguni wake?

"Na wewe wifi, ulinyamaza kwa nini?" nikamgeukia Mwanakombo.

"Ningesema nini, wifi? Kila anayeingia anaitwa aje auone. Niliogopa kuambiwa sina shukrani."

Nilishikwa na hasira hata harusi sikwenda. Treni iliyofuata tukapanda wote watatu kurudi hospitali ile ile, Athumani nikamlazimisha.

Gasper alilipapasa goti kwa muda, akaguna. "Mama, mguu huu ulikuwa wa kuvaa kila siku. Sasa goti lazima lifanyiwe mazoezi, tena yanauma. Likinyooka tutakutengenezea mguu mwingine. Lisiponyooka, sina la kukudanganya, utabaki na magongo."

Mwanakombo akainamisha kichwa. Mimi machozi yalinitoka, nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akitembea katika chumba kile kile.

Athumani, bila haya, akamtuliza mkewe, "Usijali, mama watoto. Mungu akijalia, Idi ijayo utakuwa umepata mwingine, na huo nitautunza vizuri zaidi."

Loo! Niliinua mkono nimzabe kibao. Mwanakombo akaniwahi. Miaka yote ile sijapata kumsikia akimpandishia mumewe sauti, lakini siku hiyo wagonjwa wa barazani walisimama kuchungulia.

"Utautunza? Athumani, mimi nilikuwa najivuta kwa makalio kwenda chooni, na mguu wangu uko kabatini unaniangalia!"