Wivu wa Marhoon na Breki za Tela

Marhoon bin Bakhit hakuwa mtu mbaya. Alisali kwa wakati, hakumtukana mtu, na gari akisema imepona, basi imepona. Ila alikuwa na wivu, na mimi sitamsitiri kwa hilo, maana nikimsitiri sina la kuhadithia.

Alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, akajifunza ufundi wa injini kwa kushika spana na si kwa kusoma. Mwaka 1964, mambo yalipopinduka kule, alishuka Matrah, bandari ya Omani, na mkewe Mahfoudha, binti yao Muhsina, na sanduku la mbao ambalo nusu yake ilikuwa vyombo vya kazi. Siku hizo gari za Matrah na Maskati zilihesabika, kwani kila moja ilitaka ruhusa ya Sultani, na mafundi walikuwa haba kuliko gari. Mfanyabiashara mmoja, Ghanim bin Harub, mwenye malori matatu, alimchukua wiki ile ile na kumkabidhi karakana. Kwa miaka mitatu mkuu wa karakana alikuwa Marhoon, bila ya mshindani, na heshima hiyo ndiyo iliyomfanya asahau kidogo nyumba aliyoiacha.

Alikuwa na zoea lake moja. Hewa ya chumvi ya Matrah hula chuma upesi, na Marhoon kila chuma alichokiona akikipaka mafuta ya papa yaliyochemshwa, kama babake alivyokuwa akipaka mbao za vyombo vya baharini. Yakikauka juani huwa utando mgumu, mweusi, na kutu haipati pa kuingilia. Kunuka yananuka, hilo halina ubishi. Watu walijua lori la Ghanim linakuja kabla hawajaliona. Lakini halikuwa na kutu, na Marhoon alijivunia harufu ile kama mwengine anavyojivunia udi.

Kisha, mwaka 1967, akaja Thabit, fundi wa pili.

Thabit alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, naye wa Unguja, lakini alipitia Kuwait na kufanya kazi ya umeme wa magari huko. Alikuwa mpole, msafi, na alimwita Marhoon "Ami" toka siku ya kwanza. Bora angelikuwa na kiburi, Marhoon angelipata pa kumshika. Siku ya kwanza alipoingia karakana alipiga chafya mara tatu kwa yale mafuta, akaomba radhi. Marhoon hakumsamehe chafya zile.

Na nyumbani nako hakukuwa na salama. Mahfoudha alimwonea huruma kijana asiye na mke, akawa anampelekea sahani ya wali. Marhoon alikaa mkekani akiitazama ile sahani inavyopakuliwa.

"Kwani kipande hicho cha nguru si kikubwa kuliko changu?" aliuliza siku moja.

"Baba Muhsina," mkewe akamjibu, "wewe utakula tena jioni. Yule nani atampikia?"

Marhoon akala, lakini nguru hakumshuka vizuri.

Mwaka uliofuata Ghanim akapata kazi kubwa: kuuvusha mtambo mzito wa umeme kutoka Matrah mpaka Maskati, kwa njia ya mlima wa Riyam. Mtambo haukuenea kwenye lori lolote, basi akanunua tela la Kimarekani, kuukuu, la magurudumu manne, lililoletwa kwa meli. Breki za tela lile hazikuwa za mafuta wala za upepo. Ndani ya kila gurudumu mlikuwa na sumaku, na umeme wa lori ukifika, sumaku hujivuta na kukaza breki. Kilichokosekana ni kontrola, yaani kile kisanduku cha kukaa karibu na usukani na kupima umeme wa kupeleka nyuma. Bila ya hicho, tela litamsukuma dereva mteremkoni mpaka wafike chini wote pamoja, kwa njia wasiyoitaka.

Ghanim akawaita mafundi wake wawili ofisini, akawafunulia kitabu cha bidhaa chenye picha.

"Kontrola ziko mbili," alisema. "Hii ya mkono mtupu, dereva anavuta mwenyewe. Na hii inaunganishwa na breki ya mguu, ukikanyaga na tela nalo linashika. Nnataka rai yenu. Na nisikilizeni vizuri: atakayeniteremshia tela hili Riyam salama, karakana ni yake."

Marhoon akajiuliza moyoni. Karakana ni yake? Kwani sasa ni ya nani?

Thabit alitaka kwanza kujua uzito wa mtambo, kisha akataka kujua sumaku ni ngapi. "Nne," akajijibu mwenyewe, kwani alikwishazihesabu. "Basi kisanduku kiwe cha kuhimili umeme wa sumaku nne, kikiwa cha mbili kitaungua. Na mie naona hii ya mguu, Bwana Ghanim. Kwenye kona za Riyam dereva ana usukani na gia. Mkono wa tatu ataupata wapi? Na hii nayo ina kishikio chake pembeni, ukitaka kulishika tela peke yake."

Marhoon alijua kijana kasema sawa. Alijua vizuri kabisa, na ndiyo maana akasema, "Hapana. Ya mkono. Breki za lori zimekaa sawa, za nini kuzichokoachokoa?"

Ghanim akaagiza ile ya mguu.

Ilipofika, Thabit alifanya kazi siku mbili. Alikipachika kisanduku, akapitisha waya nene mpaka nyuma, akafunga na waya wa kurudi, ule wa kuurejesha umeme kutoka kwenye chuma cha tela hadi lorini. Pale pa kuufunga alikwangua chuma kwa msasa mpaka kikawa cheupe. Walijaribu uwanjani, magurudumu manne yakashika. Ghanim akampiga bega Thabit mbele ya watu wote.

Siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa. Marhoon alipita karakana asubuhi peke yake, akalizunguka tela akitafuta ila. Hakuiona. Aliloliona ni chuma kilichokwanguliwa, kitupu, kinameta pembezoni mwa bolti. Sasa wewe mtu wa Matrah, unaachaje chuma kitupu? Kilimkera. Akajiambia, kijana wa vitabu huyu, kutu haijui. Akafungua bolti, akapaka mafuta yake, akayaacha yakauke juani mpaka wakati wa sala, kisha akakaza tena. Hakukusudia ubaya, hilo nakuapieni. Aliwaza kutu tu, waya hakuuwaza.

Jumamosi tela likapakiwa mawe ya majaribio, likavutwa hadi kilima kidogo nje ya mji. Thabit akakanyaga breki. Lori likashika, tela halikushika. Likasukuma, lori likakengeuka, na mawe matatu yakaanguka njiani. Hakuumia mtu, lakini Ghanim, aliyekuwa amesimama kando na wageni wake, aligeuka rangi.

"Ndio ufundi wa Kuwait huu?" alisema. Thabit akainamisha kichwa.

Mchana kutwa kijana alitafuta ubovu. Alishika taa ndogo yenye nyaya mbili, akagusa waya unaotoka kwenye kisanduku, na ncha ya pili akaigusisha kwenye chuma cha lori: taa ikawaka. Alikagua nyuma ya lori namna ile ile: ikawaka. Umeme ulikuwa unafika, na sumaku hazivuti. Marhoon alikaa kwenye gogo, chai mkononi, akimtazama anavyotoka jasho, na chai ile ilikuwa tamu kuliko zote alizokunywa tangu kijana aje.

Thabit alipokwenda kusali alasiri, Marhoon akaichukua ile taa. Ncha moja akaigusa kwenye waya wa umeme, ya pili akaiweka kwenye chuma cha tela lenyewe, mahali palipochubuka. Taa haikuwaka. Basi umeme unakwenda na haurudi. Macho yake yakaishukia ile bolti ya waya wa kurudi, na utando mweusi chini yake, ulioufungia umeme njia, na pua yake ikamaliza maelezo.

Akairudisha taa mahali pake, akenda nyumbani bila ya kusema neno.

Usiku alimtazama Mahfoudha akipakua ile sahani. Akahisabu: kesho Ghanim atamtoa kijana, mambo yatarudi kama zamani, na kipande kikubwa cha nguru kitarudi kwake. Kukwangua ni kazi ya dakika tano. Atakwangua yeye, kijana akishaondoka. Alilala vibaya, lakini alilala.

Asubuhi alimkuta Thabit ofisini kwa Ghanim. Waya wa kurudi ulikuwa mezani, pete yake bado imeganda mafuta. Marhoon akasimama mlangoni. Kashaniona, alisema moyoni. Kanishitaki.

"Karibu, Marhoon," alisema Ghanim, na uso wake ulikuwa mkunjufu. "Thabit kaja kukiri. Waya haukugusa chuma. Ananambia, 'Niliufunga mimi, na ilikuwa juu yangu kuukagua kabla ya kushuka kilima, sikuukagua.' Wallahi, nimempenda zaidi leo kuliko jana. Mtu wa kubeba kosa lake siku hizi utampata wapi?"

Thabit alikuwa anatazama sakafu. Hakutaja mafuta. Mafuta yenyewe yananuka chumba kizima, na hakuyataja.

Marhoon angeweza kunyamaza na akasalimika. Lakini aliliona lile tabasamu la Ghanim, akaona linakwenda wapi, na roho ikamwuma kwa namna ambayo haijapata kumwuma. Kazi kamchukulia. Sahani kamchukulia. Sasa hata kosa lake, alilolifanya kwa mikono yake mwenyewe, kijana kalibeba na anasifiwa kwalo!

"Langu hilo!" alipiga kelele. "Mie ndo niliyepaka! Ijumaa, mkono wangu huu. Yeye alikwangua vizuri, mie nikafungua nikapaka. Na jana nikajua, nikanyamaza!"

Ghanim alimtazama muda mrefu.

"Ulijua toka jana," alisema.

"Tangu alasiri."

"Ahsante kwa kunambia, Marhoon." Akaisukuma pete ya funguo za karakana mezani, ikasita mbele ya Thabit. "Wewe utabaki na injini zako. Lakini mkuu ni huyu."

Thabit hakuzigusa funguo. "Ami Marhoon ndiye…"

"Chukua," alisema Marhoon. "Usinifanyie wema mwengine, nakuomba."

Jumatano mtambo ulivuka Riyam. Thabit aliendesha, na Marhoon alikaa ubavuni mwake, mkono kwenye kishikio cha kontrola, akilishika tela kidogo kila wanapoikabili kona. Lilitii. Alichukia kuona lilivyotii.

Alipofika nyumbani alimweleza mkewe yote, kwani hakuwa na mwengine wa kumweleza. Mahfoudha aliweka mwiko chini, machozi yakamlengalenga.

"Umesema kweli mbele yao wote, Baba Muhsina! Umemwogopa Mungu."

Marhoon alitaka sana kuitika. Akamtazama mkewe, ambaye alikuwa hajamtazama hivyo kwa muda mrefu, akavua kofia.

"La," alisema. "Nilikuwa na wivu tu."

Mahfoudha akavuta sahani mbili, ya mumewe na ya Thabit, na kuanza kupakua.