Kinanda Kisichotulia

Naogopa sauti iliyokosea kuliko ninavyoogopa ugonjwa. Kidole kimoja kikiteleza kanisani, nitaishi na kosa hilo wiki nzima, nitalisikia nikifua, nitalisikia nikipika. Watu wa kanisa letu hapa Kaloleni hudhani mimi ni mpole. Si upole. Ni woga.

Sikufundishwa muziki na mtu. Nilijifunza kwa simu, kwa video zilizokwamakwama, na nikajifunza kama wapiga vinanda wengi wa makanisa ya huku wanavyojifunza: kwenye vibonyezo vyeusi peke yake. Ukibaki kwenye vyeusi, ni vigumu kukosea. Mwimbaji akianzia juu zaidi au chini zaidi, kinanda cha kisasa kina kitufe cha kuhamisha sauti. Unakibonyeza, vidole vinabaki palepale, na waumini wanaamini unajua muziki wote. Hivyo ndivyo nilivyoishi. Kitufe kile kilikuwa maficho yangu.

Halafu familia moja ya Milimani ikahama na kuliachia kanisa vitu vya marehemu baba yao: viti, kabati, cherehani mbovu, na kitu kizito chenye mbavu za mbao, vibonyezo vichache, na vishikio vingi vya kuzungusha. Vyote vilirundikwa stoo. Nilikiona siku niliyotumwa kutafuta waya wa maikrofoni, nikadhani ni chombo cha fundi wa redio. Nilisoma maandishi ya nyuma, nikatafuta kwenye simu. Ilikuwa sinthesaiza ya zamani, ya analojia. Ndani yake hakuna sauti iliyorekodiwa, wala piano wala filimbi. Kuna umeme tu, na wewe ndiye unayeufinyanga uwe sauti.

Niliiunganisha na spika ya kanisa mchana mmoja ambapo hapakuwa na mtu. Kimya. Nikazungusha hiki, nikazungusha kile, moyo ukinidunda kwa hofu kwamba nitaiunguza. Kisha ikanguruma. Sauti nene, ya chini, niliyoisikia kwenye mbavu kabla ya kuisikia masikioni. Nilipokigusa kishikio kikubwa cha katikati, sauti ikafunguka polepole, ikang'aa, ikawa kama mtu anayesukuma dirisha la upande wa ziwa na upepo unaingia chumba kizima. Nikakirudisha, ikazama. Nililia. Sijui kwa nini, na hadi leo nikieleza naona haya. Labda ni kwa sababu kwa mara ya kwanza nilitengeneza sauti ambayo hakuna mahali ilipoandikwa kuwa sahihi.

Lakini mimi ni mimi, na kufikia jioni nilikuwa nimeshapata la kuogopa. Mashine ile haikumbuki chochote. Ukigusa kishikio kimoja, sauti ya jana imepotea, kwa hiyo nilikuwa nikipiga picha za vishikio vyote kwa simu kila nilipomaliza. Ikipata joto, sauti inahama yenyewe, na kanisa letu ni la mabati. Tena haina kitufe cha kuhamisha. Maficho yangu hayakuwemo.

Mzee wa kamati, mtu mwenye sauti ya chini anayependa kila kitu kikae mahali pake, alitangaza kwamba stoo lazima iwe wazi Jumatatu ili watoto wapate darasa. Vitu vibovu vingechukuliwa na mnunuzi wa vyuma vikuukuu.

"Na kile kinanda, Mzee?" nikauliza.

"Kile cha kunguruma? Hiyo si kinanda, binti yangu. Hiyo ni posho mill, ya kusaga unga."

Nilimsihi hadi akachoka. "Sawa. Jumapili, wimbo moja. Hiyo peke yake, usiguse ile ingine ya kisasa. Ikituaibisha, Jumatatu inaenda na vyuma."

Mpiga ngoma alikuwa amesimama karibu. "Sista," akasema, "hiyo kitu ni ya kupiga nyimbo ama ya kupima presha? Nikae mbali?"

Nilicheka. Usiku huo sikupata usingizi.

Mama anayetuanzishia nyimbo huuza omena, dagaa wa ziwani, pale Mamboleo, karibu na njia panda. Kanisani kwetu hakuna anayemwambia aanzie wapi. Yeye husimama, hufumba macho, huanza, na sisi wenye vyombo tunamtafuta gizani hadi tumpate. Hiyo ndiyo desturi. Lakini safari hii nilimfuata kazini kwake nikamwekea simu sikioni, ikitoa sauti ileile ya kibonyezo cheusi nilichokitaka.

"Mama, tafadhali, Jumapili uanzie hapa."

Aliguna sawasawa kabisa na simu, huku mkono wake ukiendelea kumpimia mteja omena. "Hapa?"

"Hapohapo."

"Sasa wewe nyathina, mtoto wangu, mbona unatetemeka kama mimi ndio daktari? Nimesikia. Nitaanzia hapo kwako."

Wiki hiyo nilirudia wimbo huo mmoja hadi vidole vikauma. Jumapili nilifika mapema nikaiwasha mashine ili izoee joto. Nililinganisha vishikio na picha. Nilipima sauti yake kwa simu, nikairekebisha kwa kishikio kidogo cha kuipandisha na kuishusha, nikaipima tena. Kufikia wakati wa ibada, mabati yalikuwa yanalia kwa jua, na blauzi ilikuwa imenigandia mgongoni.

Mama akasimama. Lakini kabla ya kuimba alitoa ushuhuda, kwamba mwanawe ametoka hospitalini. Waumini wakapiga vigelegele, naye sauti ikapanda, ikapanda, na alipoanza wimbo akaanzia huko huko juu furaha ilikomfikisha. Yale tuliyokubaliana Mamboleo hakuwa nayo tena.

Nilijaribu kibonyezo kimoja. Kibaya. Kinachofuata, kibaya pia. Alikuwa kati ya vibonyezo viwili, mahali ambapo hakuna kibonyezo ambacho kingenifikisha. Mpiga ngoma alinigeukia na macho makubwa. Mzee wa kamati, katika safu ya mbele, alikuwa ameinamisha kichwa. Akilini nilishaiona mashine ikipakiwa kwenye mkokoteni wa vyuma.

Sikufikiri. Ningefikiri, ningeacha. Kidole cha mkono wa kulia kilikandamiza kibonyezo cheusi nilichokijua, na mkono wa kushoto ukashika kile kishikio kidogo cha kusawazisha sauti, ambacho wiki nzima nilikuwa nakigusa kwa woga. Nikakizungusha. Sauti ikaanza kupanda mbele ya watu wote, bila aibu, kama mlio wa kitu kinachovutwa kutoka majini. Ilikuwa mbaya. Ikazidi kuwa mbaya. Kisha ikamfikia Mama na kuingia chini ya sauti yake, na mtetemo wa sauti mbili zinazogombana ukakoma.

Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Amina!" Mama alifumbua macho, akanitazama, akapanda tena kidogo, nadhani kwa utundu. Nikamfuata. Tulimaliza wimbo hivyo, vidole vyangu palepale kwenye vyeusi, mkono wa kushoto ukiwa umekufa ganzi.

Baada ya ibada Mzee alikuja akasimama mbele ya mashine, mikono nyuma.

"Ule mlio wa mwanzo, uliupanga?"

"Hapana, Mzee."

"Ilinishtua. Nilidhani transfoma inalipuka." Akaangalia dirishani. "Haiendi na vyuma. Iweke pale jukwaani, mbali na dirisha, mvua isiipate."

Nilimshukuru. Lakini hakuwa amemaliza.

"Na Jumapili ijayo, nyimbo zote."

"Zote?"

"Zote. Mama amesema anaipenda, haimlazimishi pa kuanzia."

Nyuma yake, Mama alikuwa akiwaaga wenzake mlangoni huku akiimba kwa sauti ya chini wimbo ambao sijawahi kuupiga, akianzia mahali nisipopajua. Nilimsikiliza huku nimeshika ukingo wa mbao wa mashine kwa mikono miwili. Ilikuwa bado na joto. Ilikuwa yangu sasa, na nilikuwa nimeshaanza kuhesabu nyimbo za Jumapili.