Kulabu Niliyoipaka Grisi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Hakuzikwa mtu, lakini aibu yake ninayo hadi leo.

Vita vilikuwa vimekwisha. Mimi nilikuwa fundi wa kukereza chuma hapa Jinja, kijana mwenye maringo. Kule Mbale bomba la maji lilikuwa limepasuka kwenye jabali la Wanale, na Afande Opio, mwanajeshi mstaafu aliyejua kupanda miamba, alikuwa akiwashusha mafundi kwa kamba wakalizibe. Kulabu zao, zile zinazoitwa karabina, zilikuwa za kizamani, zenye mlango wa springi tu. Kamba ikiugusa mlango vibaya, unafunguka. Huko Ulaya walikuwa wameshaongeza pete ya kuzungusha inayoufunga mlango, ila hapa za aina hiyo ziliporwa vitani. Afande akaniletea moja aliyoificha, niige.

Nikaiga, zikang'aa! Na kwa kuwa karakana yetu haikutoa chuma bila grisi, nikazipaka mpaka zikateleza. Nilijisifu mtaa wetu mzima wa Mafubira.

Wiki iliyofuata Afande akarudi na kulabu moja mkononi. Akanieleza kwamba Wafula, fundi wa bomba, alikuwa ananing'inia katikati ya jabali. Kamba ikaisugua pete, pete, kwa ile grisi yangu, ikajizungusha yenyewe, mlango ukaachia, kamba ikachomoka. Aliokolewa na kulabu ya pili.

"Hii umetengeneza wewe?"

"Ndiyo, Afande."

"Ulijaribu?"

Nikajibu kwamba nilijaribu kwa mkono na inazunguka vizuri sana. Akaniwekea kulabu ile mkononi.

"Kesho kutwa unashuka wewe, na kulabu zako."

Niliogopa, sikufichi. Nikafuta grisi yote, nikakereza pete zinazobana, na kwenye kila mlango nikachora mstari mwekundu ambao pete huufunika ikishafungwa. Siku ilipofika nikasimama ukingoni mwa jabali la Wanale, Wafula akinicheka.

"Fundi, nyekundu inaonekana?"

"Haionekani!"

"Basi shuka, bwana!"

Nikashuka. Pete haikusogea.

Miaka baadaye nikaona kulabu za kiwandani zina mstari mwekundu kama wangu. Wala hawakunisikia mimi. Nadhani na kwao kuna aliyesahau kufunga. Sasa zipo zinazojifunga zenyewe. Hizo nazo, nahisi, zilitokana na mtu aliyesahau hata kuangalia nyekundu.

Wewe unakwenda kwenye maporomoko ya Sipi kushusha watalii kwa kamba. Haya, nisikilize. Hata kulabu inayojifunga, ibonyeze mlango kwa kidole kabla mtu hajaning'inia. Usiseme ni mpya, usiseme jana ilikuwa nzima. Na kitu chochote utakachomfungia mwenzako, kijaribu wewe kwanza kwa uzito wako. Mimi nilimtanguliza Wafula, baba wa watoto wanne, kwa sababu ya maringo.

Nenda, mwanangu. Mungu akushike, kila utakayemshusha afike chini kwa miguu yake, na wewe urudi nyumbani unicheke kama Wafula.