Imondo ya Mdomo kwa Mdomo

Niliiba imondo ya mgeni nikaitia mfukoni mwa suruali ya shule. Nasema mapema ili msomaji asidhani nitamsingizia paka. Paka wetu ana adabu.

Imondo ni firigisi ya kuku, lakini hapa kwetu Kakamega si kipande cha nyama, ni cheo. Kuku akichinjwa, imondo humwendea mwanamume mwenye nyumba, na akija mgeni mzito, hata mwenye nyumba humsukumia yeye. Mwanamke huipika, haionji. Mtoto huitazama tu ikipita, mate yakimtoka, na hivyo ndivyo anavyoonyeshwa mahali pake duniani kabla hajajua kuandika jina lake. Mwalimu wetu husema jamii humfinyanga mtu angali udongo mbichi. Mimi naona humfinyanga kwa mchuzi.

Jumamosi hiyo mgeni mzito alikuwa baba mkubwa wa mchumba wa dada yangu, mkulima wa miwa kutoka Mayoni. Baba mzazi wa mchumba alishakufa, kwa hivyo neno la mzee huyu ndilo lilikuwa neno. Naye hakupenda kijana wao aoe msichana wa mjini. Akila kwetu, amekubali. Akiondoka bila kula, dada anabaki na kitenge chake kipya na aibu. Hayo yote niliyajua. Ndiyo maana hadi leo nikijiona kwa kioo natamani kutema.

Nilikuwa nataka kuingia mbogi. Mbogi ni kundi, na hili lilikuwa la wavulana wanne wa shule yetu: nyusi zimekatwa mstari kwa wembe, suruali imebanwa na fundi hadi kuivua unahitaji msaidizi, mwendo wa kuegemea upande kana kwamba mguu mmoja ni wa kukodisha. Kila mmoja aliapa hafanani na mtu yeyote. Na wote hawakufanana na mtu yeyote kwa namna moja ileile. Nyusi nilikuwa nimeshakata. Mama aliponiuliza, nilimwambia ni mapunye.

"Nyusi ni za bure," mkubwa wao aliniambia, yule mwenye ndevu za kuhesabika. "Hapa hatutaki watoto wa mama. Tuletee imondo. Na isikuwe ya hoteli, buda. Ya kwenu. Ya mgeni."

"Na nikishikwa?"

"Ukishikwa, hutujui."

Basi dada alipotoka jikoni kuchota maji, nilifunua sufuria, nikaiopoa kwa vidole, nikaungua, nikaifunga kwa karatasi na kukimbia hadi nyuma ya kinu cha kusaga mahindi walikokuwa wakiningoja.

Nilidhani tutaikata vipande. Hapana. Mkubwa aliitia mdomoni nzima, akaitafuna bila kuikata, akaifyonza, akaitoa, akampa wa pili. Wa pili alikuwa na meno ya kijani ya miraa. Wa tatu alikuwa na kidonda mdomoni, na alikuwa akikionyesha watu wiki nzima kana kwamba ni medali. Wa nne alikuwa na mafua. Alipangusa pua kwa kiganja, na kwa kiganja hichohicho akanikabidhi. Ilikuwa imeshakuwa nyeupe, inateleza, na uzi wa mate bado unaifuata kutoka kwake.

"Meza. Ukimeza, wewe ni mwanaume."

Niliiweka mdomoni. Ilikuwa vuguvugu. Uji wa asubuhi ukaanza kupanda kuja kuona kuna nini. Nikageuka kama ninayekohoa, nikaitema kiganjani, nikaitumbukiza mfukoni, kisha nikawafunulia mdomo mtupu. Wakanipigia makofi. Nikawatazama vizuri kwa mara ya kwanza. Hawa ndio waliosema wanawadharau wazee, na hapa tulikuwa tunalambana mate tukigombea kipande cha wazee.

Nilipofika nyumbani chakula kilikuwa mezani. Mama alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono mapajani. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, aliketi upande wa wageni akichekacheka bila sababu. Mzee wa Mayoni alishika kijiko na kuanza kupindua nyama. Akapindua paja. Akapindua kidari. Akachokoa kwa vidole chini ya shingo kama mtu anayetafuta sindano. Lo, mikucha ile ndani ya mchuzi wa watu wote!

"Mama," akasema taratibu, "huyu kuku wenu alikuwa anatembeanga bila imondo?"

Baba mdogo akaacha kucheka. Mama akamtazama dada, maana dada ndiye aliyepika.

"Niliiweka, Mama. Niliiweka mimi mwenyewe."

"Basi imeruka," mzee akasema. Akaweka kijiko chini na kushika fimbo yake. "Msichana akionja imondo jikoni kwao, akija kwetu ataonja nini? Kiti changu?"

Mzee akaanza kuinuka. Mimi nikaingiza mkono mfukoni.

Ilitoka ikiwa imebandikana na vumbi la chaki, nyuzi, na maganda ya penseli. Alama za meno zilionekana hadi kwa wageni wa kiti cha nyuma.

"Ni mimi, mzee. Dada hajui kitu."

Mzee alifunika pua. "Hiyo ilikuwa kwa mdomo wa nani?"

"Wa wengi, mzee."

Shangazi mmoja wa kwao alicheka, akajifanya anakohoa. Mama hakucheka. Alisimama, akaniondolea kile kitu mkononi kwa ncha ya kanga, akawaambia wageni wamngojee kidogo, chai inakuja. Kisha akaenda nyuma ya nyumba na kumwondoa mayaini kuku wake aliyekuwa akiatamia.

Mimi ndiye niliyemnyonyoa. Mimi ndiye niliyepasua imondo yake, nikakuta ndani changarawe, kipande cha kioo na majani yanayonuka kama choo cha shule siku ya joto, nikabandua ile ngozi ya manjano kwa kucha. Jikoni dada alininyooshea chumvi bila kunitazama.

Nilimpelekea mzee sahani kwa mikono miwili, nimepiga goti kama wasichana. Aliitazama imondo, akanitazama nyusi, akaitazama tena imondo. Akala. Alitafuna kwa sauti, mafuta yakateremka kidevuni, akacheua, akasema, "Tutaongea." Kwa hiyo kicheuo kimoja ndicho kilichomwoza dada yangu. Ndiyo hiyo heshima tuliyokuwa tunaitafuta nyuma ya kinu.

Wageni walipoondoka, dada alikuwa analia ile ya furaha. Mimi nilikuwa na njaa, maana tangu uji sikuwa nimekula kitu. Nikachungulia jikoni, nikamwuliza Mama kama kuna obusuma, yaani ugali, uliobaki.

Aliendelea kusugua sufuria. Akasema:

"Chakula chako kiko kwa sahani, nimekifunika nzi wasiguse. Nimeiosha, nikaipasha moto. Mwanaume haachangi imondo yake."